Somo la Mapishi Kando ya Ziwa Victoria

Somo la mapishi kwa watalii, yaani mafunzo mafupi ambamo mgeni hupika chakula cha wenyeji akielekezwa na mpishi wa mahali hapo, limezoeleka zaidi Zanzibar, ambako huambatana na ziara za mashamba ya viungo. Mwanza haina sababu ya kuiga mtindo huo, kwa kuwa upishi wa Wasukuma na majirani zao wa Ukerewe hautegemei wingi wa viungo, bali ujuzi wa kuchagua chakula na kukihifadhi.

Kuchagua hufundishwa sokoni. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, sato aliyevuliwa karibuni hutambuliwa kwa matamvua mekundu, macho maangavu yaliyotuna na nyama ambayo ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Mwanafunzi asiyezijua dalili hizo hataokolewa na nyanya, vitunguu wala ndimu.

Kuhifadhi ndiko kwenye utaalamu mzito zaidi. Viazi vitamu vikimenywa, vikakatwa na kuanikwa vibichi huitwa michembe, na vikichemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa huitwa matobolwa. Vyote viwili hukaa miezi kadhaa na kuilisha familia viazi vibichi vinapoadimika. Mhogo mchungu hudai uangalifu zaidi, kwani una linamarini, kemikali ambayo hutoa sumu ya sianidi, na kwa sababu hiyo humenywa, huvundikwa kwa siku kadhaa mpaka ulainike, kisha huanikwa na kutwangwa kuwa unga wa udaga, ambao husongwa ugali. Hatua hizo si mapambo ya mila: mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime, mashariki mwa ziwa, ilikumbwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla unaohusishwa na ulaji wa mhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo.

Kwa hiyo somo linaloanza jikoni na kuishia mezani humfunza mgeni kusonga ugali na kukaanga samaki, lakini humficha nusu ya elimu. Waandaaji wa masomo hayo Kanda ya Ziwa hawana budi kumpeleka mgeni sokoni na kwenye uanikaji kabla ya kumkabidhi mwiko.