Daraja la Meno na Saruji Yake

Watu wa Butembo wajua sana kazi ya saruji. Viungo vya ukuta wa matofali vikiachwa wazi, maji ya mvua hupenya polepole, na mwenye nyumba hatambui neno mpaka siku ukuta unapopasuka. Habari ya daraja la meno ni hiyo hiyo.

Mtu aliyepotewa na jino aweza kutengenezewa jingine la kauri. Mganga wa meno huchonga meno mawili yaliyo kando ya pengo, yawe kama nguzo. Kisha huyavika daraja la kauri na kulishikiza kwa saruji. Watu husifu weupe wa kauri, walakini daraja halidumu ila saruji ikiziba vema.

Saruji zitumikazo sana ni za aina tatu. Ya kale, iliyoanza karne ya 19, ni unga wa zinki uliochanganywa na asidi ya fosfori. Hiyo hukaza tu, haiungani na jino, na mate huiyeyusha kidogo kidogo ukingoni. Ya pili, ya unga wa kioo, ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, wakaitangaza mwaka 1972. Yenyewe hushikamana na madini ya jino na kutoa floridi. Ya tatu ni ya utomvu wa viwandani. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha ya kuwa utomvu hushika vema zaidi juu ya jino lililopakwa asidi. Asidi hiyo hufanya matundu madogo sana, na utomvu hushika humo kama mizizi.

Wataalamu hupima saruji kwa kutia meno yaliyong'olewa katika rangi, waone imepenya wapi. Kwa kawaida ya utomvu huziba vizuri zaidi. Lakini hakuna izibayo kabisa, hasa karibu na ufizi, pasipo na gamba gumu la jino. Kijidudu chapata kama sehemu ya elfu moja ya milimita. Ufa mwembamba kwake ni njia pana.

Tena saruji njema hutaka kazi njema. Mate au damu huharibu mshiko wa utomvu. Joto huharakisha kukauka kwa saruji ya zinki, ndiyo maana huchanganywa juu ya kioo baridi. Na huko Beni, kwenye joto kupita Butembo, mganga hana budi kufanya upesi.

Jino lililooza chini ya daraja huenda lisiume, hasa kama mshipa wake umekwisha kutolewa. Hivyo baba aliyetumia fedha nyingi aweza kupoteza daraja pamoja na nguzo zake.

Basi, ndugu msomaji, daraja likicheza, au ukisikia harufu mbaya, rudi kwa mganga mara moja. Usilibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani. Piga mswaki kila siku penye ukingo wa ufizi, na kupitisha uzi chini ya jino la kati. Wala usione haya kumwuliza mganga atatumia saruji gani, na jino atalikausha namna gani. Heri kuuliza kabla ya kulipa.