Vidonge vya ndoto na usingizi wa mtu wa zamu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaowatuliza watoto mchana ili baba aliyetoka zamu ya usiku apate kulala, leo ukurasa wetu unazungumza juu ya ndoto. Msicheke, jambo hili linafika mpaka shimoni.

Kuna ndoto ambamo mwenye kuota hutambua: «Kumbe naota!» Wengine hata huigeuza: aliyekuwa akikimbizwa anasimama, aliyekuwa akianguka anaruka. Si maneno ya kilabuni. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima mtu usingizini, na yule mtu akachezesha macho kwa ishara waliyopatana, kuonyesha kwamba anajua yumo ndotoni. Siku hizi vidonge vinasifiwa kwenye simu kwamba huleta ndoto hizo. Mtu aliyeokolewa chini ya maporomoko, na kila usiku ndoto inamrudisha humo, anaweza kuvitamani. Hatumlaumu.

Lakini tuanzie Lwiro, kwa maana hapo tunajifunza nyongeza ya chakula ni kitu gani. Katika kituo kile karibu na Katana, kilichokuwa cha IRSAC na leo ni cha CRSN, wataalamu wa miaka ya 1960 walichunguza rovu, ule uvimbe wa shingo, kwa watu wa kisiwa cha Idjwi. Walikuta chakula chao kimepungukiwa na iodini. Watu wakapigwa sindano za mafuta yenye iodini, na shingo zikaanza kupungua. Nyongeza ilijaza pengo lililopimwa. Je, mtu mzima anayekula maharagwe, ndizi na sambaza ana pengo gani la ndoto?

Kidonge kinachotajwa sana ni vitamini B6. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu 100. Waliopewa B6 walimeza miligramu 240 kabla ya kulala, siku tano. Walikumbuka ndoto zao zaidi, basi. Ndoto hazikuwa na rangi zaidi wala ajabu zaidi. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B walisema wamelala vibaya na wameamka wamechoka.

Sasa pigeni hesabu. Mwili wa mtu mzima unahitaji B6 isiyofika miligramu 2 kwa siku, na maharagwe, ndizi, viazi na samaki huleta sehemu kubwa. Miligramu 240 ni zaidi ya mara 100. Mwaka 1983 waganga wa Marekani walieleza habari za watu saba waliomeza dozi kubwa kuliko hiyo kwa muda mrefu: nyayo zilikufa ganzi, wakayumba wakitembea. Baadaye ilionekana kwamba hata dozi ndogo kuliko zile, zikiendelea miezi, zinaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Mtu asiyesikia nyayo zake atapandaje ngazi ya shimoni yenye matope?

Kingine huitwa galantamini. Hiyo si chakula. Ni dawa ya wazee wanaopotewa na kumbukumbu. Tuseme kweli: katika jaribio la watu 121, lililotolewa Marekani mwaka 2018, waliojitambua ndotoni walikuwa 14 kwa mia kwa kidonge kitupu, na 42 kwa mia kwa miligramu 8 za galantamini. Lakini wote waliamshwa baada ya saa nne na nusu hivi, wakakaa macho nusu saa, ndipo wakalala tena. Kwa mtu wa zamu hiyo ni hasara tupu: usingizi wake mfupi unakatwa vipande, kisha anarudi kwenye winchi na baruti. Tena dawa hiyo huleta kichefuchefu na kutapika, na yaweza kupunguza mapigo ya moyo.

Kwa anayeteswa na ndoto mbaya kuna njia isiyo na kidonge, nayo waganga wanaitumia. Mchana, akiwa macho kabisa, aisimulie ndoto ile kwa mtu anayemwamini, aubadilishe mwisho wake apendavyo (nguzo inashika, wenzake wanatoka wote), kisha airudie hiyo mpya moyoni dakika kumi au ishirini kila siku. Mama wa nyumba anaweza kuwa msikilizaji mzuri kuliko chupa ya kanyanga, ambayo humlaza mtu upesi na kumwamsha usiku wa manane. Zikizidi majuma kadhaa, aende dispensari aseme wazi.

Neno moja kwa wenye kifua kikuu. Dawa ya izoniazidi huipunguza B6 mwilini, ndiyo sababu munganga huongeza kidonge kidogo cha B6 kulinda mishipa. Hicho ni chako kwa kipimo chako. Usikiache kwa kusoma ukurasa huu, wala usimgawie jirani anayetafuta ndoto.