Darubini ya Bunduki ya Risasi Moja Itumiayo Risasi za Bastola

Nchini Marekani huuzwa bunduki ndefu zinazopakiwa risasi moja moja na kutumia risasi za bastola, kama vile .357 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Wanunuzi wake ni walenga shabaha na wawindaji. Jimbo la Ohio liliruhusu risasi za aina hiyo kwa uwindaji wa kulungu mwaka 2014.

Muuzaji akikuonesha karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana, usiharakishe kulipa. Risasi tatu zaweza kuwa bahati tu. Omba kuona makundi kadhaa ya risasi tano, yaliyopigwa kwa umbali wa yadi 100 (mita 91) na kwa risasi zilezile unazokusudia kutumia. Sharti hili la mwisho hupuuzwa mno. Bunduki ya .357 Magnum hupokea pia risasi za .38 Special, ambazo ganda lake ni fupi kwa takriban milimita 3 na kasi yake ni ndogo. Darubini iliyorekebishwa kwa aina moja haitakuwa sahihi kwa nyingine.

Mtutu mrefu huiongezea risasi kasi, lakini haubadili umbo lake butu, na kasi hiyo hupotea upesi. Bunduki iliyorekebishwa kwa yadi 100, risasi yake ifikapo yadi 200 huwa imeshuka karibu nusu mita. Darubini ya gharama kubwa ikuzayo mara 16 haizuii mshuko huo. Humwonesha mwindaji kulungu kana kwamba yu karibu, akashawishika kupiga, na mnyama akakimbia na jeraha. Kwa maoni yetu, darubini ya kukuza mara 2 hadi 7 yatosha, na fedha zinazobaki zinunulie risasi za mazoezi.

Jihadhari na darubini zilizotengenezwa kwa bunduki ndogo za .22. Nyingi hurekebishwa kiwandani kwa yadi 50. Kwa umbali mkubwa zaidi, jicho likisogea kidogo tu, alama ya kulengea huonekana kuhama.

Baada ya kununua, piga risasi chache, zungusha kirekebishi mibofyo 20 kulia, kisha 20 kushoto, upige tena ukiwa umeegemeza bunduki mahali palepale. Risasi zisiporudi zilipogonga mwanzo, na skurubu zote zimekazwa, irudishe darubini dukani pamoja na risiti yake.