Nani Atalipia Umbali wa Merti?

Merti imekaa kando ya mto Ewaso Ng'iro, saa nyingi za vumbi kutoka Isiolo mjini. Wenyeji wake, wengi wao Waborana, ni wafugaji, na karo ya mtoto hutoka sokoni kwa miguu minne. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo iliangamia na karo ikaenda nayo.

Mfanyabiashara wa elimu hapendi mji wa namna hii. Anapenda wateja wengi mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, vyuo vingine viliiga mbio mbio, na kampasi zikachipuka mijini juu ya maduka na benki. Kisha 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akabana wizi wa mitihani. Watahiniwa wa kidato cha nne waliopata C+ na zaidi, ambao mwaka uliotangulia walipita 165,000, wakabaki 88,929. Serikali ikawa na nafasi za kuwatosha wote, hata ikawapeleka wengine katika vyuo vya kibinafsi kwa gharama yake. Wa kujilipia wakaadimika, kampasi nyingi zikafunga milango. Merti haikuhisi lolote, maana neema ya kampasi hizo haikuwahi kuifikia.

Baada ya kampasi ikaja simu. Hapa lazima nisifu palipo na sifa. Kampuni ya Eneza iliuza masomo na majaribio kwa ujumbe mfupi. Huduma yake ya Shupavu 291, kupitia Safaricom, ilitoza shilingi 3 kwa siku. Simu ndogo ya kabambe ilitosha. Hapakuhitajika bando, na chaji ya simu ilidumu siku kadhaa. Aliyeibuni aliwafikiria watu wasio na stima nyumbani. Lakini hayo yalikuwa masomo ya shule za msingi na sekondari. Shahada haitoshei katika ujumbe mfupi.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, cha umma, kilipewa hati na Rais William Ruto tarehe 3 Agosti 2023, makao yake Konza, na kufundisha kwake ni kwa mtandao. Mwezi uliotangulia Starlink ilikuwa imeingia nchini, intaneti ya setilaiti isiyongoja mlingoti. Kwa maneno, basi, kijana wa Merti anaweza kusoma shahada bila kuliacha zizi la babake. Kwa hesabu, mambo ni mengine. Kampasi ya zamani ililipa kodi ya jumba, stima na kompyuta za maabara. Masomo ya mtandaoni yameutua mzigo huo begani mwa mwanafunzi: laptopu ni yake, bando ni lake, sola ni yake, na karo iko pale pale. Umbali haujafutwa, umebadilishwa mlipaji tu.

Na asidhani mtu kwamba biashara hii huwanawirisha hata wauzaji wote. Kampuni ya Marekani ya 2U ilitoa dola milioni 800 mwaka 2021 kununua edX, jukwaa lililoasisiwa na vyuo vya Harvard na MIT. Julai 2024 iliomba kinga ya kufilisika. Ikiwa huko kwenye intaneti ya kasi hesabu imegoma, sioni kampuni ya faida itakayojitwika gharama za Merti kwa hiari.

Kwa hiyo kazi hii ni ya umma. Kaunti ya Isiolo hutoa basari, na ni jambo jema. Iongeze Merti ukumbi mmoja wenye sola, kompyuta na intaneti isiyokatika, ufunguliwe hata usiku. Nawe mzazi, kabla hujampeleka mtamba sokoni kulipia kozi uliyoiona kwenye simu, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama imeidhinishwa, kisha umuulize muuzaji mtihani utafanyiwa wapi. Akisitasita, mrudishe mtamba nyumbani.