Kusema Kweli na Gharama Yake

Wahenga walisema ya kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema ya kuwa ni mpenzi wa jirani zake. Jambo hili twataka kulitafakari mwezi huu pamoja nanyi, wazazi na walimu wa Kagongwa.

Twajua yaliyotendeka katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita. Mtoto huugua, au shimo la dhahabu halitoi kitu. Mwenye shida huenda kupigiwa ramli, naye mpiga ramli humtaja bibi kizee mwenye macho mekundu. Kumbe macho yale yameharibiwa na moshi wa jikoni, maana amewapikia watoto na wajukuu miaka mingi. Kwa uongo huo vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga. Na uongo mwingine, ya kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, umewatoa uhai hata watoto.

Je, mtu akisimama katikati ya ukoo na kusema, "Bibi huyu hana hatia," hupata nini? Huambiwa kwamba yeye naye ni mchawi. Husengenywa kisimani, haalikwi tena, pengine hutishwa usiku. Hatari hiyo hatuwafichi.

Janani Luwum wa Uganda aliijua kuliko sisi. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kasisi, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu. Siku zile Idi Amin alitawala, na watu wengi walikamatwa wasionekane tena. Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba yake usiku, Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakayataja maovu hayo waziwazi. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa, na mawaziri wawili pamoja naye. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya motokaa. Amin alipinduliwa mwaka 1979, akafa ugenini mwaka 2003. Bali siku aliyouawa Luwum ni sikukuu ya taifa huko Uganda hata leo.

Tuangalie jinsi alivyosema. Hakumsengenya mkosaji, alimwandikia mwenyewe. Hakusema peke yake, alisema pamoja na wenziwe. Wala hakungoja mpaka kusema kusiwe na hatari.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Ramli itajwapo nyumbani, tuikatae siku ile ile, kabla panga halijanolewa. Mume na mke waseme neno moja. Mwalimu asimwache mzazi peke yake, wala mzazi asimwache mwalimu. Bibi aliyetajwa tumpe mahali pa kulala, na viongozi wapewe habari mapema. Septemba 2009, Mahakama Kuu huko Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Lakini mahakama huja baada ya kaburi. Jirani aweza kufika kabla yake.

Twajua kwamba asemaye atapungukiwa na marafiki. Lakini anyamazaye naye hulipa, ila gharama yake hulipwa kwa damu ya mwingine. Basi, ndugu zetu, usiku huu mlapo chakula, waulizeni watoto wenu: bibi wa jirani akitajwa kesho, nyumba hii itasema nini?