Mfungamano wa Utotoni na Elimu ya Jinsia kwa Vijana wa Bunia

Nadharia ya mfungamano, ambayo siku hizi hutumiwa kueleza mienendo ya vijana katika mapenzi, ina chimbuko la Kiafrika linalosahauliwa mara nyingi. Kabla ya utafiti wake mashuhuri wa Baltimore, Mary Ainsworth alichunguza familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala mnamo 1954 na 1955. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mtoto anayeitikiwa anapolia hujenga imani kwa mlezi, na kwa imani hiyo huthubutu kumwacha kidogo ili ajionee ulimwengu.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliupeleka mtazamo huo kwenye mapenzi ya watu wazima. Tafiti zilizofuata zinaelekea kuonyesha kwamba mwenye mfungamano wa wasiwasi huona vigumu kudai kondomu, kwa kuchelea kuachwa. Naye mwenye kuepa ukaribu huvutwa zaidi na mahusiano ya kupita. Huu ni mwelekeo tu, wala si hukumu juu ya mtu yeyote.

Je, hayo yanaifaa Ituri? Mwaka huo huo wa 1987 Edward Tronick na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya Waefe wa msitu wa Ituri. Mtoto wa wiki 18 alikuwa na walezi wengine, mbali na mamaye, kwa takriban asilimia 60 ya muda uliochunguzwa. Basi kwa kijana wa Bunia haitoshi kuuliza mamaye alimlea vipi. Yapasa kuuliza pia mikono ile mingine iko wapi. Vita vya 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyozuka tena mwishoni mwa 2017, viliwatawanya mabibi na mashangazi. Nao ndio waliokuwa walimu wa mambo ya unyumba: katika elima ya Wambuti, aliyoieleza Colin Turnbull, wasichana waliovunja ungo walikaa nyumba moja wakifunzwa na mwanamke aliyewazidi umri.

Shule haijaliziba pengo hilo. Sekondari hufundisha kwa Kifaransa, ilhali vijana wengi wa mjini hubembelezana, na hukataana, kwa Kiswahili. Mwanafunzi aweza kutaja viungo vya uzazi na dalili za maradhi bila kosa, kisha akakosa maneno ya kumwambia mwenziwe "tutumie kinga" pasipo kuonekana anamshuku.