MATANGO YANATOA MAUA MENGI LAKINI HAYASHIKI? FAHAMU UA DUME NA UA JIKE

Kila msimu wa matango napigiwa simu za namna hii: "Afisa, shamba limejaa maua ya njano, lakini yote yanadondoka, tango hata moja sioni. Nipige dawa gani?" Mara nyingi jibu langu ni kwamba usipige dawa yoyote. Kwanza geuza ua uangalie nyuma yake.

Utayatofautishaje?

Mche mmoja wa tango la kawaida hubeba maua ya aina mbili.

1. Ua dume: lina kikonyo chembamba na nyuma yake hakuna kitu. Hutoka kwa makundi kwenye kifundo kimoja. Kazi yake ni kutoa chavua, halafu linadondoka. Huo siyo ugonjwa.

2. Ua jike: nyuma yake lina kitango kidogo chenye vinyweleo au vimiba. Mara nyingi hukaa moja moja. Likipata chavua, kile kitango kinakua. Likikosa, kinageuka njano, kinasinyaa na kudondoka.

Kwa nini madume yanatangulia?

Kila ua la tango likiwa changa kabisa huwa na viini vya pande zote mbili, cha kiume na cha kike. Baadaye upande mmoja husimama, mwingine unaendelea. Kinachoamua ni aina ya mbegu, homoni za mmea na hali ya hewa. Homoni ya ethilini huvuta kuelekea ujike, na jiberelini huvuta kuelekea udume.

Kwa kawaida vifundo vya chini hutoa madume matupu, majike yanafuata baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo ukiona madume tu mwanzoni, tulia.

Ila kuna mambo yanayochelewesha majike: joto kali, mimea kubanana na kukosa mwanga, na kuzidisha mbolea ya naitrojeni kama UREA au CAN. Mche unakuwa na majani mapana ya kupendeza, lakini madume yanazidi na majike yanakuwa machache.

Usichume madume

Mama mmoja ninayemhudumia alilima robo eka kwa mkopo wa kikundi. Wiki ya tano jirani akamwambia achume madume yote kwa sababu "yanakula nguvu bure". Akachuma. Nilipofika tulikuta majike yapo, ila vitango vimesinyaa kwa kukosa chavua. Tena alikuwa anapiga dawa ya wadudu saa mbili asubuhi, muda ambao nyuki wako kazini. Tulibadilisha mambo mawili tu: madume yaachwe, na dawa ipigwe jioni, tena pale inapohitajika. Vile vilivyodondoka ndiyo hasara imeshaingia, lakini vilivyofuata vilishika, na baada ya wiki mbili hivi alianza kuvuna.

Nyuki ndiye kibarua wako

Ua jike hufunguka siku moja tu, na asubuhi ndiyo muda wake mzuri. Chavua ya tango ni nzito na inanata, haibebwi na upepo, lazima nyuki atembelee ua mara kadhaa. Chavua ikiwa kidogo unapata tango lililopinda au lililonyongeka upande mmoja, na sokoni linarudishwa.

Kama nyuki ni wachache na eneo ni dogo, fanya kwa mkono. Asubuhi chuma ua dume lililofunguka, toa petali, kisha pakaza chavua katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu.

Soma pakiti ya mbegu

Zipo mbegu chotara zinazotoa karibu majike matupu. Hizi huhitaji miche michache ya aina yenye madume iliyochanganywa humo. Wakati mwingine mbegu zake huwa na rangi tofauti, kwa hiyo usizitupe ukidhani ni mbovu.

Zipo pia zinazoshika matunda bila uchavushaji kabisa. Hizo ndizo zinazofaa kwenye banda kitalu lenye neti, ambako nyuki hawaingii. Ukiweka mbegu ya kawaida humo ndani, utaona maua mpaka msimu uishe.

Cha kufanya kesho asubuhi

Ingia shambani kabla ya saa nne. Chagua miche 10 sehemu tofauti, hesabu madume na majike, na angalia kama nyuki wapo. Madume tu na mche bado mdogo: subiri. Majani mengi, majike machache: simamisha mbolea ya kukuzia. Majike yapo lakini yanasinyaa: shida ni uchavushaji au maji, kwa hiyo mwagilia bila kurukaruka siku. Na tango likifikia saizi ya soko, livune haraka, maana likizeekea kwenye mche linazuia mengine.

Ukishajua hayo ndipo ufikirie kufungua pochi kununua dawa. Kilimo chema.